Kutunza Jointi za Kros kwenye Shafti ya PTO ya Trekta Ndogo

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kutaja sehemu za jointi ya kros na kazi ya kila sehemu;
(b) kueleza kwa nini shafti ya PTO huwa na jointi mbili;
(c) kueleza, kwa hesabu, kwa nini jointi huhitaji grisi kila siku ya kazi;
(d) kutaja kwa mpangilio hatua za kupaka grisi kwa usalama;
(e) kutambua dalili za kros iliyochoka na kueleza namna ya kuibadilisha.

1. Utangulizi

Trekta ndogo, hasa zile za nguvu farasi 20 hadi 50, hufanya kazi nyingi zaidi ya kuvuta jembe. Huzungusha rotaveta, mashine ya kufyekea majani, mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji na bomba la kunyunyizia dawa. Mashine hizi nyingi hazina injini zake. Hupokea mzunguko kutoka nyuma ya trekta, mahali panapoitwa PTO, yaani sehemu ya kutolea nguvu ya injini.

Kutoka PTO hadi kwenye giaboksi ya mashine, nguvu hupitishwa na shafti. Trekta na mashine haviko kwenye mstari mmoja ulionyooka: mashine hunyanyuliwa na kushushwa, trekta hupita kwenye matuta na mashimo, na dereva hukata kona. Shafti ya chuma kimoja kilichonyooka ingepinda au kukatika. Kwa sababu hiyo shafti ya PTO hufungwa jointi kila mwisho ili iweze kuzunguka huku imekunja pembe. Jointi hiyo ndiyo mafundi huita kros.

Trekta hubaki bila kazi kwa sababu ya kros moja iliyokatika, na mara nyingi hilo hutokea katika siku chache za mwanzo wa mvua, wakati kila mkulima anataka shamba lake litifuliwe. Kros nyingi za namna hiyo zimekufa kwa kukosa grisi, jambo ambalo lingezuiliwa kwa dakika chache asubuhi. Shika wazo hilo, kwa kuwa maswali mengi ya mada hii hurudi hapo.

2. Sehemu za jointi ya kros

Chora mchoro wako unaposoma sehemu hii.

Yoki: ni chuma chenye umbo la panda ya manati. Kila jointi ina yoki mbili, moja kila upande. Kila yoki ina masikio mawili yenye matundu.

Kros: ni chuma chenye umbo la msalaba, kilicho katikati ya yoki mbili. Kina mikono minne. Mikono miwili hukaa kwenye masikio ya yoki ya kwanza, na miwili hukaa kwenye masikio ya yoki ya pili.

Vikombe vya beringi: kila mkono wa kros hufunikwa na kikombe. Ndani ya kikombe zimepangwa beringi za sindano, yaani vyuma vyembamba vya mviringo vilivyosimama kuuzunguka mkono wa kros.

Sili: ni mpira mdogo kwenye mdomo wa kila kikombe. Huzuia vumbi na maji yasiingie na huhifadhi grisi ndani.

Klipu: hushika kikombe kisichomoke kwenye sikio la yoki.

Nipeli ya grisi: ni kichuchu kidogo cha chuma chenye gololi na springi ndani. Hupokea grisi kutoka kwenye bomba la grisi na kuizuia isirudi. Kutoka kwenye nipeli, grisi hupita katika tundu lililotobolewa ndani ya kros hadi kwenye mikono yote minne.

Mbali na jointi zenyewe, shafti ya PTO ina neli mbili zinazoingiana, ili irefuke na kufupika mashine inapopanda na kushuka. Ina pia kinga ya plastiki inayofunika shafti yote, ringi zinazoifanya kinga ibaki imetulia shafti inapozunguka, minyororo ya kuifunga kinga isizunguke, na pini ya kufungia shafti kwenye meno ya PTO. PTO ya mizunguko 540 kwa dakika kwenye trekta nyingi ndogo ina meno 6 na kipenyo cha karibu milimita 35.

3. Kwa nini jointi ni mbili?

Jointi moja ya kros ina kasoro ya kimaumbile. Ikikunja pembe, upande wa pili hauzunguki kwa kasi isiyobadilika. Katika kila mzunguko mmoja, upande wa pili huharakisha mara mbili na kupunguza mwendo mara mbili, hata kama PTO inazunguka kwa kasi ile ile.

Mipaka ya mabadiliko hayo hupatikana kwa kosaini ya pembe ya jointi:

Kasi ya chini kabisa = kasi ya kuingia × kosaini ya pembe
Kasi ya juu kabisa = kasi ya kuingia ÷ kosaini ya pembe

Mfano. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika.

Pembe ikiwa nyuzi 15 (kosaini 0.966):
Kasi ya chini = 540 × 0.966 = karibu 522
Kasi ya juu = 540 ÷ 0.966 = karibu 559

Pembe ikiwa nyuzi 30 (kosaini 0.866):
Kasi ya chini = 540 × 0.866 = karibu 468
Kasi ya juu = 540 ÷ 0.866 = karibu 624

Ukiongeza pembe mara mbili, tofauti ya kasi inaongezeka kutoka 37 hadi 156, yaani zaidi ya mara nne. Ndiyo maana dereva hutakiwa kuzima PTO kabla ya kunyanyua mashine juu au kukata kona kali. Mtetemo anaousikia katika hali hizo ni jointi zinazoteseka.

Dawa ya kasoro hii ni kuweka jointi ya pili. Jointi ya pili hufuta kosa la ya kwanza iwapo masharti mawili yametimizwa:
(i) pembe za jointi zote mbili ni sawa;
(ii) yoki mbili za ndani, zile zilizo kwenye neli, zimelala kwenye mstari mmoja.

Sharti la pili husahaulika mara nyingi. Shafti yenye neli za umbo la mraba ikichomolewa kwa ajili ya usafi, inaweza kurudishwa ikiwa imegeuzwa robo mzunguko. Hapo jointi ya pili huongeza kosa badala ya kulifuta, na mashine hutetemeka vibaya. Kabla ya kuchomoa neli, weka alama ya chaki au rangi kwenye neli zote mbili.

4. Kwa nini kros inahitaji grisi kila siku ya kazi?

Mtahiniwa akiulizwa swali hili hujibu, "Ili kupunguza msuguano." Jibu hilo ni sahihi lakini halijakamilika. Tuone kwa hesabu kinachotokea ndani ya kikombe.

Hesabu ya kwanza: mzigo. Chukua trekta inayopeleka kilowati 20 (karibu nguvu farasi 27) kwenye mashine, PTO ikizunguka mara 540 kwa dakika. Nguvu ya msokoto kwenye shafti ni:

9550 × 20 ÷ 540 = karibu nyutoni mita 354

Msokoto huo hubebwa na mikono miwili ya kros inayotazamana. Tuseme umbali kati ya katikati ya kikombe kimoja na katikati ya kikombe kinachotazamana nacho ni sentimita 6, yaani mita 0.06. Kila kikombe kinabeba:

354 ÷ 0.06 = nyutoni 5,900

Hii ni sawa na uzito wa kilo 590 hivi, karibu magunia 6 ya mahindi ya kilo 100, juu ya sindano chache zilizo ndani ya kikombe kinachoenea kwenye kiganja chako.

Hesabu ya pili: mwendo. Shafti ikifanya kazi kwa pembe ya nyuzi 15, mkono wa kros hauzunguki mzima ndani ya kikombe. Huyumba tu: nyuzi 15 upande huu, nyuzi 15 upande ule, mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Kwa siku ya kazi ya saa 8:

540 × 60 × 8 = mara 259,200

Sasa unganisha hesabu hizo mbili. Sindano zile zile, mahali pale pale, zinasuguliwa mara zaidi ya robo milioni kwa siku zikiwa zimebeba karibu magunia 6. Beringi ya gurudumu huzunguka mzima, hivyo hueneza mafuta yake yenyewe kila inapozunguka. Sindano za kros hazipati nafasi hiyo. Huyumba katika eneo dogo na kuisukuma grisi pembeni kidogo kidogo. Grisi ikiisha eneo hilo, chuma hugusana na chuma, huliwa, na vumbi la chuma lenye kutu huanza kusaga kilichobaki.

Kwa hiyo grisi hufanya kazi nne:
1. Hutenganisha sindano na mkono wa kros ili visisagane.
2. Husukuma nje grisi ya zamani pamoja na uchafu wake.
3. Hujaza mdomo wa sili ili vumbi na maji visiingie.
4. Huzuia kutu mashine inapokaa bila kazi.

Vitabu vingi vya watengenezaji wa shafti za PTO huagiza kros zipakwe grisi kila baada ya saa 8 za kazi, na baadhi huruhusu muda mrefu zaidi kwa shafti za aina maalumu. Kanuni ni kufuata kitabu cha shafti yako. Kama kitabu kimepotea, tumia saa 8, na ongeza mara moja zaidi kila mashine inapooshwa au inapofanya kazi kwenye tope.

5. Usalama kabla ya kugusa shafti

Hakuna sehemu ya mada hii iliyo muhimu kuliko hii.

Chukua shafti isiyo na kinga, yenye kipenyo cha sentimita 7. Mzingo wake ni:

22/7 × 7 = sentimita 22

PTO ya mizunguko 540 kwa dakika huzunguka mara 9 kwa sekunde. Kwa hiyo shafti huvuta:

22 × 9 = sentimita 198 kwa sekunde

Karibu mita 2 kwa sekunde. Kanga ina urefu wa karibu mita moja na nusu. Ikishikwa pembe na shafti hiyo, huvutwa yote kabla sekunde moja haijaisha, na aliyeivaa huvutwa nayo. Hakuna anayeweza kufungua fundo, kupiga kelele na kusikiwa, au kukimbilia swichi katika muda huo. Shati lililochomekuliwa, mkono mrefu usiofungwa, kamba ya koti la mvua na nywele ndefu huwa hatari kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote kwenye shafti:
1. Simamisha trekta mahali tambarare na ushushe mashine chini.
2. Zima PTO.
3. Zima injini, vuta breki ya mkono, kisha toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako mwenyewe.
4. Subiri mpaka kila kitu kisimame kabisa. Mashine ya kufyekea huendelea kuzunguka kwa muda baada ya PTO kuzimwa.
5. Vaa nguo zinazobana mwili, na ufunge nywele.
6. Usiruke shafti wala kupita juu yake. Zunguka trekta.

Tahadhari ya bomba la grisi: bomba la mkono linaweza kutoa grisi kwa shinikizo kubwa sana. Usizibe mdomo wa bomba kwa kidole. Grisi ikipenya ngozi, aliyeumia apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Madhara huwa ndani ya nyama, si juu.

6. Grisi ipi itumike?

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni maalumu pamoja na viungo vingine vya kuongeza ubora. Sabuni huhifadhi mafuta kama sifongo inavyohifadhi maji, na kuyaachia kidogo kidogo. Kwa kros nyingi za PTO hutumika grisi ya sabuni ya lithiamu, ugumu namba 2, yenye viungo vya kuhimili mzigo mkubwa. Kwenye kopo aina hiyo huandikwa herufi EP.

Usichanganye grisi za sabuni tofauti bila uhakika. Baadhi zikichanganywa huwa nyepesi na kuvuja. Ukilazimika kubadili aina, sukuma grisi mpya mpaka ya zamani itoke yote.

Mafuta ya injini yaliyokwisha tumika si mbadala wa grisi. Hutiririka na kutoka kwenye kikombe upesi, na yana uchafu wa injini.

7. Hatua za kupaka grisi

Vifaa: bomba la grisi lililojaa, kitambaa safi, brashi ndogo, glavu.

Hatua ya 1. Timiza hatua zote za usalama za sehemu ya 5.

Hatua ya 2. Sogeza au fungua kinga ili uone kros. Kinga nyingi zina tundu la kupitishia bomba. Zungusha shafti kwa mkono mpaka nipeli itazame tundu hilo.

Hatua ya 3. Futa nipeli kwa kitambaa, na futa pia mdomo wa bomba. Ukiruka hatua hii, unasukuma mchanga ndani ya beringi kwa mkono wako.

Hatua ya 4. Bana mdomo wa bomba kwenye nipeli, ukiwa umenyooka nayo. Sukuma taratibu huku ukitazama sili za vikombe vyote vinne.

Hatua ya 5. Endelea mpaka grisi mpya ionekane kidogo kwenye kila sili. Grisi ikitoka vikombe vitatu tu, kros haijapakwa. Kikombe cha nne bado kina njaa, na hicho ndicho kitakachoiua.

Hatua ya 6. Futa grisi iliyozidi. Ikiachwa, hushika vumbi.

Hatua ya 7. Rudia kwa kros ya pili.

Hatua ya 8. Tia alama, chomoa neli mbili, zifute, zipake grisi, kisha zirudishe kwa kufuata alama. Shafti yenye nipeli kwenye neli haihitaji kuchomolewa kila siku. Neli zikikwama, shafti haiwezi kufupika mashine inaponyanyuliwa. Husukuma beringi za PTO upande mmoja na giaboksi ya mashine upande wa pili mpaka kimoja kiharibike.

Hatua ya 9. Paka grisi kidogo kwenye ringi za kinga na kwenye meno ya PTO. Hakikisha pini ya kufungia inarudi mahali pake kwa mlio. Vuta shafti kwa nguvu kuthibitisha kuwa imeshika.

Hatua ya 10. Rudisha kinga, funga minyororo, na uandike tarehe na saa za mita ya trekta kwenye daftari.

8. Nipeli ikikataa grisi

Fuata mpangilio huu, kuanzia jambo rahisi:
1. Hakikisha bomba lina grisi na halina hewa.
2. Kunja jointi kwenye pembe nyingine, kisha jaribu tena. Mara nyingi mzigo upande mmoja huwa umeziba njia ya grisi.
3. Fungua nipeli. Sukuma grisi ndani yake ikiwa mkononi. Isipopita, nipeli imeziba. Weka mpya.
4. Nipeli ikiwa nzima lakini kros bado inakataa, njia ya ndani imeziba kwa grisi iliyokauka au kutu. Kros hiyo ifunguliwe, na kwa kawaida ibadilishwe.

Usiendelee na kazi kwa kusema, "Nitaipaka jioni." Kikombe kisichopokea grisi asubuhi kitakuwa kimeyumba makumi ya maelfu ya mara kabla ya chakula cha mchana.

9. Dalili za kros iliyochoka

Injini ikiwa imezimwa, shika yoki moja kwa kila mkono. Jaribu kuzizungusha kwa kupingana, kisha kuzisukuma juu na chini. Tazama:
- kulegea: yoki moja hucheza huku nyingine imetulia;
- ugumu: jointi hukwama ikikunjwa;
- unga mwekundu wa kutu kuzunguka sili;
- sili iliyopasuka au kikombe kilichosogea;
- klipu iliyolegea au isiyokuwepo.

Wakati wa kazi, kelele ya mlio mkali, mgongano PTO inapowashwa, na mtetemo unaoongezeka ni dalili pia. Baada ya kusimamisha kila kitu, sogeza kiganja karibu na kila jointi bila kuigusa. Jointi moja ikitoa joto jingi kuliko mwenzake, inakosa grisi au inakufa.

10. Kubadilisha kros

1. Ondoa shafti yote kwenye trekta na mashine. Tia alama kwenye neli na yoki.
2. Bana yoki kwenye jiliwa. Usibane neli, kwani itabonyea na kushindwa kuingiana.
3. Toa klipu zote nne.
4. Sukuma kikombe kimoja nje kwa kutumia soketi yenye kipenyo kidogo kuliko cha kikombe, kisha kile kinachotazamana nacho. Toa kros.
5. Safisha matundu ya yoki. Tundu likiwa limepanuka, kros mpya haitadumu. Badilisha yoki.
6. Kwenye vikombe vipya, hakikisha sindano zote zimesimama mahali pake. Grisi kidogo ndani ya kikombe huzishikilia. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, klipu haitaingia.
7. Panga kros ili nipeli yake ifikiwe na bomba kwa urahisi, na ielekee upande mmoja na nipeli ya kros ya pili.
8. Sukuma vikombe, weka klipu, kisha kunja jointi pande zote. Iwe laini bila kulegea.
9. Paka grisi mpaka itoke vikombe vyote vinne.

Usibadilishe kikombe kimoja peke yake. Mkono wa kros uliokuwa ndani ya kikombe kibovu nao umeliwa.

11. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

Katika kusahihisha majibu ya mazoezi, kosa ninalokutana nalo zaidi ni "kupaka grisi juu ya jointi". Grisi ya nje haifiki kwenye sindano. Huvutia vumbi na humpa mwenye trekta imani ya uongo kwamba kazi imefanyika. Andika: "kusukuma grisi kupitia nipeli mpaka itoke kwenye sili zote nne."

Kosa la pili ni kuanza hatua kwa bomba la grisi. Hatua ya kwanza daima ni kuzima PTO na injini na kutoa ufunguo.

Kosa la tatu ni kutaja kinga miongoni mwa vitu vya kuondoa bila kutaja kuirudisha. Jibu la namna hiyo linaacha shafti wazi.

12. Swali la mfano

Mkulima ana trekta ndogo na mashine ya kufyekea. Alibadilisha kros ya shafti ya PTO, na baada ya wiki mbili kikombe kimoja kimevunjika. Daftari linaonyesha kwamba alipaka grisi kila asubuhi. Eleza sababu tano zinazoweza kuleta tatizo hilo. (alama 10)

Jibu:
(i) Grisi haikufika kwenye kikombe hicho. Alisukuma mpaka ikatoka kikombe kimoja au viwili, akaacha. (alama 2)
(ii) Hakufuta nipeli, hivyo vumbi liliingia pamoja na grisi na kusaga sindano. (alama 2)
(iii) Tundu la yoki lilikuwa limepanuka, na kikombe kikacheza ndani yake. (alama 2)
(iv) Neli zilirudishwa bila yoki za ndani kulala kwenye mstari mmoja, mtetemo ukaongeza mzigo. (alama 2)
(v) Dereva alinyanyua mashine PTO ikiwa imewashwa, jointi zikafanya kazi kwenye pembe kubwa. (alama 2)

Angalia kwamba kila hoja ina sababu na matokeo yake. Hoja yenye sababu pekee hupoteza nusu ya alama.

13. Maswali ya kujipima

1. Taja sehemu sita za jointi ya kros, na kazi ya kila moja.
2. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, na jointi imekunja nyuzi 20 (kosaini 0.940). Kokotoa kasi ya chini na ya juu ya upande wa pili.
3. Shafti hufanya kazi saa 6 kwa siku kwa mizunguko 540 kwa dakika. Mkono mmoja wa kros huyumba mara ngapi kwa siku?
4. Eleza kwa nini beringi za sindano za kros hupoteza grisi upesi kuliko beringi ya gurudumu.
5. Nipeli inakataa grisi. Eleza hatua nne utakazochukua kwa mpangilio.
6. Jirani yako ameondoa kinga ya shafti kwa sababu "inachelewesha kupaka grisi". Mwandikie aya moja ya kumshauri, ukitumia hesabu.

Majibu ya hesabu: swali la 2, karibu 508 na 574, swali la 3, mara 194,400.